Dalali aliyepasha injini moto kabla hujafika

Kihonda, Morogoro
Jumatano usiku

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote wazima, mahindi yameshaingia ndani, na hii baridi yetu ya Julai nyinyi wa Arusha mnaicheka tu. Sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili. Nikaona nikikujibu kwa meseji nitaruka mambo, ndiyo maana nimechukua daftari la mtoto.

Hongera kwa kufikisha hela ya kununulia gari. Na gari lenyewe sina neno nalo. Noah ya zamani, ile yenye injini ya 3S ya lita mbili, itabeba watoto wa shule asubuhi na magunia ya shemeji mchana, na hakuna fundi wa Arusha asiyewahi kuifungua. Kilichonikosesha usingizi ni neno ulilolisema huku unacheka, kwamba mlipofika dalali alikuwa ameshaiwasha na kuipasha moto "ili msipoteze muda". Mwalimu, muda ule ndio ulikuwa wa kwako.

Injini iliyopashwa moto ni mgonjwa aliyemeza panadoli kabla ya kuonana na daktari. Oili iliyovuja usiku kucha ikaingia kwenye silinda imeshaungua. Ule ugumu wa kuwaka asubuhi hutausikia. Mlio wa chuma kugonga chuma kabla oili haijafika juu umeshapita. Na rejeta ya moto huwezi kuifungua, maji yatakurukia usoni, kwa hiyo hata hapo utakuwa umenyimwa.

Rudi Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na umwambie wazi kwamba ukikuta imeshawashwa unaondoka. Usishike boneti kama nilivyozoea kukuambia zamani. Kwa Noah hiyo injini iko chini ya viti vya mbele. Inua kiti, uiguse injini yenyewe kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa na uvuguvugu, pandeni daladala mrudi nyumbani. Na ukikuta imeoshwa inang'aa kama sufuria ya sikukuu, usifurahi, maana kwenye vumbi ndipo alama za uvujaji zinapokaa. Mimi napenda injini yenye vumbi kavu.

Ikiwa bado ya baridi, fungua rejeta. Unatakiwa kukuta kulanti safi, yale maji ya dawa ya kupozea injini, ya kijani au nyekundu. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, jua hakuna aliyeijali. Ukikuta mafuta yanaelea juu kama kwenye mchuzi, funga mfuniko na uage. Kisha chomoa stiki ya oili. Weusi peke yake si kosa, oili ikitumika inakuwa nyeusi. Kosa ni rangi ya chai ya maziwa, maana hapo maji na oili vimekutana, na mara nyingi ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, au hedi yenyewe imepasuka. Ila ute kidogo wa namna hiyo chini ya mfuniko wa oili tu, kwa gari linalotembea safari fupi kwenye baridi, unaweza kuwa jasho la kawaida. Angalia stiki kwanza kabla hujakasirika. Halafu pima uzito wa ile oili kwa vidole. Kuna watu wanaotia oili nzito kama asali ili injini iliyochoka inyamaze kwa siku mbili tatu za mauzo.

Sasa funguo. Ifungue bila kuwasha, uangalie dashibodi. Taa ya injini na ile ya kopo la oili lazima ziwake, halafu zizimike injini ikishakamata. Taa isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayowaka, maana huenda balbu imetolewa. Ukiwa hapohapo, sikiliza mbele kwenye feni. Ikianza kuzunguka mara tu umefungua funguo, nayo eesii imezimwa, feni imeungwa dairekti, yaani haisubiri joto la injini. Na mtu haungi feni dairekti kwa raha zake. Gari lilikuwa linachemsha.

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapigwa. Gari likianza kuchemsha, fundi wa haraka anang'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa. Mshale wa joto unashuka, mwenye gari anashukuru, na ugonjwa unabaki palepale. Noah zako hizi rejeta iko mbele na injini iko katikati, mabomba ya maji ni marefu, hewa ikinasa ndani ni tabu tupu, ndiyo maana mchezo huo ni mwingi kwao. Utaugundua hivi: injini yenye thamostati nzima mshale unapanda taratibu mpaka karibu na katikati, halafu unaganda hapo, uwe mjini au njia kuu. Iliyong'olewa, rejeta inaanza kupata moto tangu dakika za mwanzo, mshale unakawia chini, na ukikimbia barabarani kwenye baridi unashuka tena. Dalali atakwambia "ona, gari haichemshi kabisa". Mwambie umeona.

Moshi sasa. Wewe usikae kwenye usukani, mpe shemeji au dalali mwenyewe awashe, wewe simama nyuma ya eksozi. Asubuhi ya Arusha mwezi huu kila gari linatoa mvuke mweupe, ule unayeyuka hewani na kwisha injini ikipata moto. Ukiendelea baada ya robo saa, tena una harufu tamu-tamu, silinda inakunywa kulanti. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, mara nyingi ni jambo la filta au sensa, linatibika. Wa bluu ni oili inayoungua, na ndio unaokula mshahara. Ukitoka wakati wa kuwasha tu kisha ukakatika, ni vavu sili, zile raba zinazozuia oili kwenye vavu, zimekauka. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, ni ringi za pistoni, na hapo unazungumzia kufumua injini nzima. Lipeleke Ngaramtoni, halafu teremka kuelekea Sakina bila kukanyaga mafuta, ukifika chini piga resi ghafla na uangalie kioo. Wingu la bluu likikufuata, umeshajua.

Likirudi na moto wake, acha ingurume, ufungue mfuniko wa oili. Pumzi ndogo ni kawaida. Ikitoa moshi mfululizo kama jiko la kuni, ringi zinapitisha.

Mengine mpe fundi, lakini awe fundi wako, si yule aliyekuja na dalali. Mwambie aje na geji ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Plagi zote nne zing'olewe, betri iwe imejaa, mafuta yakanyagwe mpaka mwisho wakati wa kuzungusha stata. Usihangaike sana na namba moja moja, angalia kama silinda nne zinakaribiana. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, atie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi apime tena. Ikipanda, ni ringi. Ikigoma, ni vavu au gasketi. Na plagi zenyewe azipange juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda uzione: rangi ya udongo mkavu ni nzuri, yenye masizi yanayong'aa kwa oili si nzuri.

Halafu kibandiko. Unakumbuka lile gari langu dogo jeupe? Dashibodi ilisoma kilomita 89,000 nikamsifu Mjapani kwa utunzaji. Miezi minne baadaye, injini ikila lita ya oili kila wiki mbili, mke wangu anafuta nguzo ya mlango akaniuliza haya maandishi ya Kijapani ni ya nini. Kilikuwa kibandiko cha gereji ya huko cha kumwaga oili, na kilomita zake zilikuwa 141,200. Yaani lilipokuwa bado Japani lilikuwa limeshatembea kilomita nyingi kuliko dashibodi ilizosoma kwangu! Muuzaji nilishamlipa, simu yake haipatikani mpaka leo. Kwa hiyo fungua milango yote, uchungulie na huko chini ya kiti. 3S inatumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000, na waliobadilisha Japani hubandika kibandiko chenye kilomita. Mwaka usikuchanganye. Ukiona 20 peke yake, ni hesabu ya Kijapani ya enzi ya Heisei. Jumlisha 1988, unapata 2008. Wewe mwalimu wa hesabu, hii sikufundishi.

Na namba ya injini ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye kadi. Injini kubadilishwa si dhambi, pengine hata ni heri, ila kadi iseme hivyo, la sivyo ni wewe utakayewaeleza TRA, watu wa mapato.

Najua utasema fundi wa kupima kompresheni anataka elfu hamsini kwa kazi ya saa moja. Mlipe. Mimi niliziokoa, nikaja kununua injini nyingine Gerezani, kule Dar.

Jumamosi nitakuwa nimeshika simu tangu alfajiri. Nitumie video ya eksozi tangu inapowashwa, na picha ya kibandiko chochote utakachokikuta, hata kilichochanika. Hela usizitoe benki kabla hatujaongea, ukiwa nazo mfukoni utaona kila kitu kizuri.

Shemeji msalimie, mwambie ule mchele wake bado tunausimulia.

Wako,
Jirani wa zamani