Wavu utolewe kwenye utoro wa lambo kabla mvua hazijachanganya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee lambo moja la mtu binafsi huku kwetu Misungwi. Kijiji sitaji wala jina la mwenye shamba, maana lengo sio kumchafua, ni mtu tunaheshimiana na kiangazi ng'ombe wetu wanakunywa humo humo bila kudaiwa hata senti. Ninachotaka ni kwamba ule wavu na vile viroba vya mchanga alivyopanga kwenye utoro vitoke kabla vuli haijaanza.

Kwa asiyejua, utoro ni ile njia ya pembeni ambayo maji ya ziada yanatokea lambo likijaa. Lambo kama hili halina mageti ya kufungua, maji yakizidi utoro ndo tegemeo lote. Sasa jamaa alipopandikiza sato akaona samaki wanaondoka na maji, akaziba utoro kwa wavu wa matundu madogo, halafu msimu uliofuata akaongezea viroba ili lambo libebe maji mengi zaidi. Namwelewa kabisa, vifaranga vya samaki ni hela. Ila nenda ukauone ule wavu saa hizi, nyasi, mabua, mifuko ya nailoni, vyote vimenasa pale. Ikinyesha ile mvua yetu ya usiku kucha maji yatapita wapi kama sio juu ya tuta? Na tuta la udongo likishapitiwa juu linaanza kumeguka upande wa nyuma, unachimbika mfereji, mfereji unapanuka, na ndani ya saa chache tuta linakuwa limeondoka.

Wapo wanaosema mbona limekaa miaka yote hiyo. Jamani, lilikaa utoro ukiwa wazi! Na tuta lenyewe lilisukumwa kwa udongo wa pale pale, sehemu mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, sehemu luseni, udongo wa kichanga, na kila mtu wa huku anajua mbuga ikikauka inapasuka mpaka mkono unaingia, na luseni haishiki maji. Ng'ombe wamekata njia katikati yake, pale pameshuka kuliko kwingine kote, kwahiyo maji yakipanda yataanzia hapo hapo. Juu imeota migunga mikubwa ambayo watu wanaifurahia kwa kivuli, lakini mizizi yake ikifa na kuoza inaacha mashimo ndani ya tuta, bado mchwa nao hujawahesabu.

Kinachonitisha zaidi kiko nyuma ya tuta, pale inapotokea paipu ya kunyweshea mifugo. Sio maji ya kwenye paipu, ni yale yanayochuruzika pembeni yake. Lambo la udongo kuvuja kidogo sio ajabu, ilimradi maji ni maangavu na hayaongezeki. Mwezi uliopita niliyakinga kwenye chupa nikaiacha itulie, na chini kukabaki tope laini rangi ile ile ya tuta. Maana yake udongo wa ndani unabebwa kidogo kidogo, na tundu la namna hiyo linakula kutoka nyuma kuelekea kwenye maji wakati juu unaona kila kitu kiko shwari.

Lile la Solai, Nakuru, kule Kenya, lililopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, nalo lilikuwa lambo la udongo kwenye shamba binafsi. Maji yalifuata nyumba za watu usiku, wakafa zaidi ya 40 wakiwemo watoto. Na hapa jirani Mwadui, Novemba 2022, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulipasuka tope likafunika mashamba. Chini ya lambo letu kuna bustani za nyanya na mchicha za kina mama, kuna njia ya watoto wa shule inayokatiza korongo, na siku hizi kuna nyumba mpya kabisa kwasababu viwanja vya kule ni bei rahisi na hakuna aliyewaambia wanunuzi kuna nini juu yao.

Sheria ipo, ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na usalama wa bwawa ni jukumu la mwenye bwawa. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria wako hapa hapa Mwanza, naomba watume injinia aje alione likiwa bado halijajaa, hasa pale kwenye paipu. Mwenye shamba naye ajue hatumwambii aache samaki, achimbe bwawa dogo pembeni awahamishie huko, lakini utoro uwe wazi.

Nimesikia pia vijana wakisema bora tukakate tuta wenyewe usiku. Msithubutu, mtawaua watu wale wale mnaotaka kuwaokoa. Maji yanapunguzwa taratibu, kwa paipu, kwa siku kadhaa, maana hata kuyashusha haraka kunaporomosha tuta upande wa ndani. Na pale panapovuja matope msizibe kwa udongo wa mfinyanzi kutokea nyuma, maji yatatafuta pengine. Wakati injinia anasubiriwa mwageni mchanga mnene na kokoto juu yake, maji yapite ila udongo ubaki.

Mwenyekiti wa kitongoji nimeshaongea naye, kakubali mtu mmoja alale karibu na tuta kila usiku wa mvua akiwa na filimbi na namba za simu za nyumba za bondeni. Viroba tunaweza kuvitoa wenyewe kwa asubuhi moja mwenye shamba akiridhia, tumeshamwambia majembe na watu wapo, tunasubiri ataje siku.

Mkazi wa Misungwi, Mwanza