Wenye yadi watuonyeshe cheti cha Japani

Mhariri,

Mimi na mume wangu tunatafuta Hiace ndefu tuifunge kitanda na jiko, tuwe tunalala humo humo tukipeleka wageni Mikumi na Ruaha. Mume wangu anataka tuagize Japani, maana mtandaoni bei inavutia. Lakini bei ile haiishii pale: kuna meli, ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa, na nyongeza ya uchakavu gari likiwa la miaka mingi. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kipo wazi. Mtu apige hesabu kabla hajatuma hela.

Mimi nataka la hapa hapa. Kwenye yadi moja ya magari Kinondoni nilijilaza chini ya gari, nikakwangua chasisi kwa ufunguo. Rangi mpya nyeusi ikabanduka, ndani kutu tupu. Picha gani ya mtandaoni ingenionyesha hilo? Ila nilipouliza kilomita zake za kweli, muuzaji akaniambia nisome dashibodi.

Hili linaniuma. Gari lililotumika likitoka Japani lina cheti cha kusafirishwa nje, na kilomita zimeandikwa humo. Wenye yadi wabaki na nakala, waibandike kwenye kioo. Waturuhusu pia kuja na mafundi wetu asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, tuiwashe wenyewe. Yadi itakayokubali hayo, sisi tuko tayari kulipa.

Mama Neema,
Kigamboni, Dar es Salaam