Bati la kutelezea linaunguza watoto

Mhariri,

Jumapili saa nane mchana niliwapeleka wajukuu zangu, wa miaka 3 na 5, kwenye bustani moja ya mjini hapa Tanga. Mdogo alikaa kwenye bati la kutelezea, mara akapiga ukelele. Jua hili la kaskazi lilikuwa limelichoma bati kama kikaango! Nilimbeba hadi bombani, nikamwagilia mapaja yake maji kwa muda mrefu.

Wahusika, nawaombeni mpande miti ya mikungu upande wa magharibi, jua la alasiri lizuiwe. Haichukui miaka mingi kutoa kivuli. Na chini ya bembea pamwagwe mchanga, maana pamekuwa pagumu kama sakafu.

Tukipita hapo sasa, mjukuu wangu anajificha nyuma ya kanga yangu.

Bibi wa wajukuu wawili,
Ngamiani, Tanga