Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi za Mikono za Kiarmenia na Ukweli wa Lebo Zetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha anazo mweka hazina na mihtasari ya vikao anayo katibu, kwa hiyo sitayarudia hayo. Taarifa hii naielekeza kwenye jambo lililotushughulisha mwaka mzima: bidhaa zilizorudishwa na wateja, na maneno tuliyoandika kwenye lebo zake. Mnunuzi anayefika soko la Vernissage, Yerevan, mji mkuu wa Armenia, siku ya Jumamosi hupita meza nyingi zenye makomamanga ya udongo, vimia, mazulia na duduk, zumari ya Kiarmenia. Karibu kila meza imeandikwa "kazi ya mkono". Maneno hayo peke yake hayamwambii kitu.

Malalamiko makubwa yalihusu rangi nyekundu. Chukueni mfuko mmoja wa begani uliofumwa kwa sufu, nakshi nyekundu juu ya weupe. Ulifuliwa mara moja tu, weupe wote ukawa waridi. Kamati ya ubora ilipousokotoa uzi wake, nje ulikuwa mwekundu, katikati mweupe pe. Sufu ile haikutolewa mafuta yake ya asili kabla ya kutiwa rangi, hivyo rangi ilikaa juu juu ikisubiri maji.

Kwa wanaotumia mizizi ya toron (madder), mmea utoao rangi nyekundu, utaratibu tuliokubaliana ni huu. Sufu ioshwe kwa maji ya moto na sabuni isiyo kali mpaka isiteleze mkononi. Kwa kila gramu 100 za sufu kavu tumieni gramu 15 za shabu, iyeyushwe kwanza pembeni. Sufu iingie chunguni ikiwa imelowa, moto uongezwe polepole hadi nyuzijoto 80 hivi, ikae saa moja, kisha ipoe humo humo hadi kesho yake. Mizizi iliyosagwa, gramu 100 kwa gramu 100 za sufu, ilowekwe usiku kucha. Wakati wa kupika rangi, joto lisivuke nyuzijoto 70, maana zaidi ya hapo rangi ya kahawia iliyomo mzizini hutoka na wekundu huishia kuwa wa tofali. Chungu cha chuma kisicho na mpako hakifai, kwa kuwa chuma hutia giza. Tena, sufu ya moto isitumbukizwe kwenye maji baridi. Itanywea na kushikana, na haitafumika. Suuzeni mpaka maji yatoke safi kabisa. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka.

Hapo hapo kuna suala la jina. Vordan karmir, yaani wekundu wa mdudu, hutokana na mdudu jike anayeishi kwenye mizizi ya nyasi za ardhi ya chumvi ya bonde la Ararat, na hujitokeza juu alfajiri za majira ya vuli. Ardhi hiyo imepungua sana kwa kugeuzwa mashamba, na hifadhi maalumu ya mdudu huyu iliwekwa mwaka 1987. Mwili wake una mafuta mengi na rangi kidogo. Unga mwekundu unaouzwa leo madukani hutokana na mdudu mwingine, wa dungusi kakati, mwenye asili ya Amerika. Ni rangi nzuri na inadumu. Lakini kuiita vordan karmir ni kumdanganya mteja, na kamati imezuia jina hilo kwenye lebo zetu.

Vimia vya sindano vilitupa furaha zaidi. Kazi hii haihitaji zaidi ya sindano, uzi na vidole, na kila kitanzi hufungwa kwa fundo lake. Ndiyo maana kimia cha Kiarmenia kikikatika mahali pamoja hakifumuki chote kama kazi ya kulabu. Kasoro tuliyoiona mara nyingi ni ya vitambaa vya duara. Mafundo yasipoongezwa ya kutosha kila mzunguko, kitambaa huinuka kama bakuli; yakizidi, ukingo hujikunja mawimbi. Kilazeni mezani kila baada ya mizunguko miwili mitatu. Pasi haiokoi kitu hapo. Fundo halifumuliki, na mzunguko ulioharibika hukatwa.

Kwa mazulia, geuzeni upande wa nyuma mkahesabu. Mafundo 40 kwa sentimita 10 za upana na 40 kwa urefu ni 160,000 kwa mita mraba. Andikeni idadi hiyo. Fundo la Kiarmenia huzunguka nyuzi mbili za mtande. Wapo wanaozungusha nne ili wamalize upesi, na zulia hilo huwa na nusu ya sufu, likachakaa upara pale panapokanyagwa. Zulia la yatima wa Kiarmenia wa Ghazir, Lebanoni, alilokabidhiwa Rais Calvin Coolidge mwaka 1925, lina mafundo zaidi ya milioni 4. Idadi hiyo inatajwa hadi leo kwa sababu kuna aliyeihesabu.

Duduk ni fupi kusema: mti wa aprikoti uliokauka polepole, la sivyo hupasuka. Zile za pambo zisizopigika ziandikwe kuwa ni pambo. Vivyo hivyo khachkar ndogo (mawe yenye nakshi ya msalaba) zilizomiminwa kwenye kalibu zisiitwe za kuchongwa.

Kila mwenye bidhaa nyekundu aje nayo kwenye mkutano mkuu, pamoja na kipande cheupe cha pamba. Tutakilowesha, tutaisugua nacho mbele ya wote, na bidhaa itakayokitia doa haitapewa lebo ya chama.

Mwenyekiti