Barua kwa Wanjiru kuhusu kisima cha joto

Västerås, 18 Januari 2026

Mpendwa dada Wanjiru,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Nimepokea barua yako pamoja na makadirio mawili ya bei, na jana usiku nimeyasoma mara tatu, kalamu mkononi, kwa kuwa najua mkandarasi anataka jibu kabla ya mwezi kwisha na sipendi mtie saini jambo la krona 230,000 kwa kuharakishwa. Umeniuliza kama kupasha nyumba joto kwa kisima cha mwambani kunalipa. Naamini kwa nyumba yenu kutalipa, ila polepole kuliko alivyowaambia mkandarasi, na kwa sharti kwamba kisima chenyewe kiwe kirefu kuliko alichokiandika.

Niondoe kwanza wasiwasi wa shemeji, ambaye amekulia Naivasha, Kenya, akiuona mvuke wa ardhini wa Olkaria, na sasa anashangaa joto hilo litapatikanaje huko kwenu Sundsvall, Uswidi, pasipo na volkano. Joto la namna hiyo hatulitafuti huku. Olkaria wanachimba kilomita mbili hadi tatu kuufuata mvuke wa kuzungushia mitambo ya umeme. Sisi tunachimba mita mia mbili hivi katika mwamba ambao huko kwenu una nyuzijoto tano hivi, kiangazi na baridi. Ndani ya kisima hushushwa bomba la plastiki lililopindwa mfano wa herufi U, lenye maji yaliyochanganywa na ethanoli ili yasigande, nayo hupanda na joto hilo dogo mpaka kwenye pampu. Pampu yenyewe inafanya kazi ya friji kinyumenyume: kimiminika kilichomo huchemka hata katika ubaridi huo kikawa gesi, kompresa huikandamiza gesi hiyo ikapata moto, na moto huo hupokelewa na maji ya redieta. Umeme mnaoulipia ni wa kukandamiza na kusukuma tu, na ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuleta takribani uniti tatu za joto nyumbani.

Sasa hesabu. Ankara zenu za mwaka mzima zinaonyesha uniti 26,000. Nikitoa 5,000 za kupikia, kufulia na taa, zinabaki 21,000 zinazoliwa na boila ya umeme kwa redieta na maji ya kuoga. Pampu ingetumia 7,000 kati ya hizo, kwa hiyo mngeokoa 14,000 kila mwaka. Hapo ndipo mkandarasi alipowapoteza, kwa sababu amezidisha kwa bei ya umeme ya kusini. Tangu mwaka 2011 Uswidi imegawanywa katika maeneo manne ya bei, na ninyi mpo eneo la pili, kwenye mabwawa mengi na umeme ambao kwa kawaida ni nafuu kuliko wetu. Ankara zenu, pamoja na ada ya nyaya na kodi, zinatoka krona 1.20 kwa uniti. Akiba yenu basi ni krona 16,800 kwa mwaka, wala si 25,000 kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake.

Upande wa gharama, punguzo la kodi la ROT, lile la kazi za ukarabati wa nyumba, lipo, lakini halihusu bei yote. Mamlaka ya kodi huhesabu asilimia 35 ya bei ya kisima na pampu kuwa ndiyo malipo ya kazi ya ufundi, na punguzo ni asilimia 30 ya sehemu hiyo. Mwaka 2025, kuanzia tarehe 12 Mei hadi mwisho wa Desemba, lilipandishwa kwa muda likawa asilimia 50. Muda huo umepita, na karatasi ya mkandarasi bado inataja 50. Mwambieni airekebishe. Kwa krona 230,000 mtapunguziwa 24,150, mbaki na 205,850, na ukizigawa kwa akiba ya mwaka unapata miaka kumi na miwili na kitu, kabla ya riba ya mkopo. Pampu ya hewa iliyo kwenye makadirio ya pili ni krona 140,000 na ingerudisha fedha zake mapema zaidi, labda miaka kumi, lakini hiyo hunyonya joto katika hewa ya nje, na usiku wa nyuzi ishirini chini ya sifuri, ndipo mnapolihitaji joto kuliko wakati wowote, yenyewe ndipo inapochoka. Mwamba haujui kama nje kuna theluji.

Kinachoniegemeza upande wa kisima ni umri wake. Pampu yenyewe huishi miaka 15 hadi 20 hivi. Shimo na bomba lake hutarajiwa kudumu miaka 50 au zaidi. Pampu ya kwanza ikifa, mtanunua mashine peke yake na kuiunganisha na kisima kilekile, na hesabu ya mara ya pili itakuwa nyepesi kabisa.

Lakini shimo likikosewa, dada, hakuna mashine itakayolisaidia. Sijawahi kukusimulia yaliyotupata mwaka 2019. Tulichagua mkandarasi wa bei ya chini, aliyetuchimbia mita 140 akisema zinatosha. Majira ya baridi ya kwanza yalipita vizuri. Ya pili, maji ya kisima yalianza kurudi yakiwa chini ya sifuri, kwa sababu tulikuwa tunautoa mwamba joto haraka kuliko ulivyoweza kulirudisha, na pampu ikawa inawasha koili ya umeme iliyomo ndani yake ili kuziba pengo. Hatukujua mpaka ankara ya Februari ilipofika. Ilibidi tuchimbe shimo la pili, na krona 70,000 hizo zilizotutoka zingetosha kwa mita tulizonyimwa mwanzoni, na kubaki. Nililia siku ile, nakwambia kweli.

Ndiyo maana niliposoma kwamba mkandarasi wenu ameandika mita 150, mahali penye baridi kuliko hapa na nyumba inayokula zaidi, nilishtuka. Mdai kina cha mita 200 na ushei, na mdai pia kiandikwe kina kinachofanya kazi, yaani kuanzia maji ya ardhini yalipo hadi chini, kwa sababu sehemu kavu ya juu haileti joto la maana. Bei yake inahesabu mita sita tu za udongo juu ya mwamba, na kila mita inayozidi, pamoja na bomba la chuma la kuushikilia, mtalipishwa. Hilo linaweza kujulikana mapema: Idara ya Jiolojia ya Uswidi, SGU, ina kumbukumbu ya visima ambayo yeyote anaweza kuitazama bure kwenye ramani, nayo huonyesha visima vya majirani na mwamba ulianzia mita ngapi. Tazameni pia kama jirani ana kisima cha joto karibu na mpaka. Visima viwili huachanishwa angalau mita 20, visije vikanyang'anyana joto. Na manispaa ipelekewe taarifa kabla mtambo wa kuchimbia haujafika uani.

Kabla ya yote hayo, ongezeni sufi ya kuhami joto juu ya dari, maana uliniambia ni sentimita 15 tu. Akiba ya pampu itapungua kidogo kwa kuwa nyumba itahitaji joto dogo, lakini hata mita za kuchimba zitapungua, na redieta zitatosheka na maji yasiyo moto sana, hali ambayo pampu huipenda.

Lililobaki mnalijua ninyi. Ikiwa shemeji bado anawaza uhamisho wa Göteborg, chukueni sufi ya dari na muishie hapo kwa sasa. Ikiwa mtakaa mpaka Njeri amalize sekondari, chimbeni. Nitumie namba za visima vya majirani mkishazipata. Nitakuja wikendi ya pili ya Februari, nami niko tayari kukaa nanyi mezani mkandarasi atakapokuja.

Rafiki yako akupendaye,
Rehema