Kabla ya kuniuzia gesi, kagueni hita

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niseme na mafundi wa viyoyozi vya magari wa jiji hili, pamoja na wateja wao ambao, kama mimi, wamekuwa wakinunua gesi ya kiyoyozi kila baada ya mwezi kana kwamba ni umeme wa luku.

Mimi ni mwoka keki, ninaishi Tabata Segerea. Gari langu silo ambalo mtu mwenye akili angechagua kwa biashara hiyo. Ni Eunos Roadster ya mwaka 1994, ya viti viwili, taa zimelala ndani ya boneti na ukiziwasha zinainuka kama macho ya chura. Nje ya Japani wanaiita Mazda MX-5. Ilikuwa ya marehemu kaka yangu, baharia, na nilipoachiwa funguo sikuwa na moyo wa kuiuza. Keki mbili zinaingia kwenye buti, ya tatu inakaa kiti cha abiria imefungwa mkanda. Matuta ya mtaani kwetu nayapanda kiupandeupande, bodaboda wakicheka.

Krimu na joto haviivi chungu kimoja. Machi mwaka huu nilipeleka keki ya sendofu Mbagala, nikakwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana. Kiyoyozi kinavuma kwa nguvu zote, maana feni ilishagoma spidi namba moja, mbili na tatu, imebaki nne tu, lakini hewa inayotoka ni vuguvugu kama pumzi ya mwenye homa. Na si hewa tu. Kulikuwa na chembe nyeusi nyepesi zikiruka kutoka kwenye matundu na kutua juu ya krimu nyeupe. Tulipofika, mama wa binti aliuliza kama ile ni chokoleti. Sikumjibu.

Fundi wa kwanza aliniambia gesi imepungua. Sh70,000. Wiki tatu, joto lilelile. Wa pili akasema gesi niliyowekewa ni feki, akaitoa, akaweka ya kwake. Sh80,000. Wa tatu alifunga geji zake, akakiri presha ipo sawa, kisha akasema, "Madam, tuongeze kidogo tu, itakaza." Nilikuwa sijajua wakati huo kwamba gesi ikizidi kipimo presha hupanda na ubaridi hupungua, kwa hiyo nililipa ili kuharibiwa. Huyohuyo ndiye aliyetaka kuifunga feni dairekti, bila swichi wala fyuzi, na alipoona nasita akanipa ofa nyingine: akate mipira miwili ya maji ya moto ya hita, ile inayopasha joto ndani ya gari, aiunganishe, hita ife kabisa. "Dar hita ya nini, mama?"

Swali hilo nitalirudia. Kwanza niseme la fundi wa nne, mzee mmoja wa Gerezani ambaye nilielekezwa na muuza spea. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye kigoda, akasikiliza hadithi yote bila kugusa gari. Kisha akauliza:

"Hita umezima, mwanangu?"

"Swichi iko kwenye bluu siku zote, mzee."

"Bluu ni rangi tu."

Akaniomba kipimajoto changu cha keki, kile chenye sindano ndefu, akakichomeka kwenye tundu la katikati la dashibodi. Injini inaunguruma, kiyoyozi kimewashwa: nyuzi 21. Akafungua boneti, akatafuta mipira miwili inayopenya kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, akauviringishia mmoja kitambaa ili usichanike, akaubana kwa koleo la kujifunga. Tukasubiri kama dakika tano hivi. Sindano ikashuka hadi 9.

Gesi ilikuwepo muda wote. Ubaridi nao ulikuwepo, ila ulikuwa unachemshwa upya kabla haujanifikia.

Alivyonieleza ni hivi, nami naandika kwa faida ya wenye magari ya zamani. Katika gari hili maji ya rejeta hayana koki ya kuyazuia yasiende kwenye hita. Injini ikiwaka, maji ya nyuzi kama 90 yanapita kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, kiangazi na masika. Kinachoamua upate joto au baridi ni kibao cha plastiki ndani ya boksi la hewa: kikilala upande huu hewa inapita kwenye rejeta ndogo, kikilala upande ule inaikwepa. Kibao hicho huvutwa na kebo nyembamba kutoka kwenye swichi ya kuzungusha, na kingo zake zina sponji ili kizibe sawasawa.

Kwangu kebo ilikuwa imechomoka kwenye kibanio chake. Nilikuwa nazungusha swichi hadi mwisho wa bluu na kibao kinasogea robo ya safari. Sponji nayo, baada ya takriban miaka 30, ilikuwa imegeuka unga. Hizo ndizo chembe zangu za chokoleti.

Kazi ilichukua siku mbili. Redio ilitoka, kiweko cha katikati kikatoka, nikaona matumbo ya gari ambayo kaka yangu pengine hakuwahi kuyaona. Mzee alikwangua mabaki, akabandika sponji nyeusi ile ile wanayovishia mabomba ya viyoyozi vya majumbani, akaikata kwa wembe. Kebo aliirudisha kwa mpangilio ambao nimeukariri: swichi kwanza iwe mwisho kabisa wa baridi, kisha mkono wa kibao usukumwe hadi mwisho wa baridi, ndipo kebo ibanwe. Ukibana kabla, unarudi kulekule.

Feni nayo ilikuwa na kisa chake. Gari hulala chini ya mwarobaini, majani yakaingia hadi kwenye feni, ikawa inazunguka kwa shida na kuvuta umeme mwingi, ikaunguza rezista inayogawa spidi. Ndiyo maana namba nne ilibaki: hiyo haipiti kwenye rezista. Tulisafisha feni, tukapata rezista ya mtumba kwa Sh15,000 baada ya kuzunguka Ilala nusu siku. Hesabu yote, pamoja na ufundi, haikufika nusu ya fedha nilizotoa kwa gesi.

Sasa, Dar hita ya nini? Sikatai kwamba rejeta ndogo ikipasuka uko njiani, kuunganisha mipira ili ufike nyumbani ni busara. Lakini mvua za masika kioo cha mbele kinafunga ukungu kwa ndani, na hakuna kinachoutoa haraka kama kiyoyozi kikisaidiwa na joto kidogo la hita. Halafu si wote tumezaliwa pwani. Mimi ni Mbena wa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako Juni na Julai jani la kiazi huamka na barafu. Gari lisilo na hita huko, lenye paa la turubai, ni adhabu.

Ombi langu ni dogo. Fundi wa kiyoyozi awe na kipimajoto, na kabla ya kufungua chupa ya gesi abane mpira wa hita dakika tano. Haigharimu kitu. Wenye magari yenye koki ya hita, kipimo hicho hicho kitawaonyesha kama koki haizibi. Pili, gereji ikikata, ikiunganisha au ikiziba chochote, iandike kwenye risiti. Tulipofungua dashibodi tulikuta waya wawili wamekatwa na kufungwa gundi ya karatasi. Ni nani, lini na kwa nini, hakuna anayejua, na kaka hayupo wa kuulizwa.

Mwezi ujao napandisha Njombe. Mzee ameniagiza kwamba gari likianza kuchemsha kwenye mlima Kitonga nizime kiyoyozi, nizungushe hita hadi mwisho wa nyekundu na feni namba nne, nishushe vioo, kwa sababu ile rejeta ndogo nayo hupunguza joto la injini. Nimemwambia vioo nitashusha, na paa nitafungua.

Mwoka keki,
Tabata Segerea, Dar es Salaam