Nani alipandisha kodi ya vizimba? Muhtasari ubandikwe sokoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Ninauza mchele na maharage katika soko moja la manispaa huku Kanda ya Ziwa, mwaka wa 14 sasa, na ni katibu wa kikundi cha akina mama 11. Wiki mbili zilizopita nilimwachia kizimba mtoto wa dada yangu, nikaenda kusikiliza kikao cha Baraza la Madiwani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Tulikuwa tumesikia kodi ya vizimba itajadiliwa, na wenzangu wakasema katibu ndiye aende.

Mlangoni hakuna aliyenizuia, na hilo nashukuru. Sheria ya mamlaka za miji ya mwaka 1982 inawaruhusu wananchi kuhudhuria vikao vya Baraza, nami askari wa getini aliandika jina langu akanionyesha mabenchi ya nyuma. Tulikuwa watu tisa, wakiwemo waandishi wawili. Kila diwani alikuwa na kabrasha nene mbele yake. Sisi hatukupewa hata karatasi ya ajenda. Meya akisema "twende ukurasa wa 47", madiwani wanafunua, sisi tunatazama migongo yao.

Zilisomwa taarifa za kata, vyoo vya shule, barabara iliyokatwa na mvua. Ilipofika zamu ya ushuru na kodi, Meya akatangaza kwamba Baraza litakaa kama kamati, wananchi na waandishi tupishe. Tukatoka, tukakaa chini ya mwarobaini kando ya maegesho. Zilipita dakika 50. Tuliporudishwa ndani, Meya alisema mapendekezo ya Kamati ya Fedha na Uongozi yamejadiliwa, akawahoji wajumbe. Wanaoafiki? Ndiyo! Wasioafiki? Kimya. Hapo hapo wakahamia ajenda nyingine. Kodi ya kizimba kutoka shilingi 15,000 kwa mwezi hadi 30,000.

Kwa asiyefanya biashara ya kupima, nieleze hesabu yake. Kilo moja ya mchele inaniachia shilingi 200, nikishatoa bei ya jumla, nauli na mfuko. Hiyo nyongeza ya 15,000 ni kilo 75 nitakazopima kila mwezi kwa ajili ya kodi peke yake, kabla sijanunua hata dawa ya mtoto. Mwezi wa masika, barabara ikiwa tope na wateja hawaji, kilo 75 ni siku nne au tano za kukaa pale tangu alfajiri.

Sikatai kodi kupanda. Halmashauri inahitaji mapato, na soko letu lina paa linalovuja juu ya magunia ya watu. Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo sijui nani aliamua. Nilimfuata diwani wetu baada ya kikao, akaniambia kwa upole, "Mama, mimi kule ndani nilipinga." Nikawauliza madiwani wawili wa kata jirani ambao watu wao wanauza soko hilo hilo. Nao wakasema walipinga. Inawezekana wote watatu wanasema kweli, na simsingizii mtu uongo. Lakini diwani aliyesimama kututetea anastahili tumjue, na aliyeona kodi ipande anastahili kuja sokoni atueleze sababu yake, maana huenda anayo nzuri. Kwa utaratibu huu wote wanafanana.

Mwaka jana kikundi chetu kiliomba mkopo wa asilimia 10, ule wa mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni haki iliyowekwa kisheria mwaka 2018, haina riba, na baada ya kusimamishwa 2023 ilirudishwa. Kati ya vitu tulivyotakiwa kuambatisha ni muhtasari wa kikao cha kikundi, wenye jina na saini ya kila mwanachama. Nikauandika kwa mkono wangu kwenye kaunta buku, nikaupeleka kuchapwa. Ukarudishwa, kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa msibani kijijini na nafasi ya saini yake ilikuwa tupu. Tulimsubiri siku tisa. Alipofika akasaini amesimama, bado amejifunga kanga ya msiba. Na sikulalamika, kwa sababu fedha ni za umma, na anayezikubali ajulikane kwa jina.

Basi hiki tulichodaiwa sisi akina mama 11 kwa mkopo wa kununulia mchele, kwa nini kisidaiwe kwa madiwani wanapogusa kodi ya soko zima? Kuita majina si jambo geni nchini. Kila Juni tunasikia redioni Bunge likipitisha bajeti, mbunge mmoja mmoja anaitwa kwa jina lake na kujibu. Hakuna aliyekufa kwa kuitwa. Baraza letu lina watu wachache kuliko Bunge, zoezi lisingemaliza hata robo saa.

Ninaomba Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa Baraza, abandike muhtasari wa kila kikao kwenye ofisi za mitaa na masokoni, na kwa jambo lolote la ushuru au kodi majina yaandikwe: nani alikubali, nani alikataa, nani hakuwepo. Ubao wa ofisi yetu ya mtaa upo. Nilipita juzi, una tangazo la chanjo lililopauka na kipande cha gundi.

Na kuna jambo la haraka zaidi. Sheria ndogo ya halmashauri, kama hii ya kodi ya vizimba, haianzi kutumika kwa sababu tu Baraza limesema ndiyo. Wananchi hutakiwa kutangaziwa kusudio na kupewa muda wa kuweka pingamizi, kisha Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe. Tangazo hilo sisi hatujaliona. Kama lipo makao makuu ya manispaa, huko ni daladala mbili kutoka sokoni, na anayekwenda anafunga biashara. Lisomwe kwa kipaza sauti sokoni saa nne asubuhi, wateja wa alfajiri wakishapungua, na mtu wa halmashauri abaki na daftari la kupokea maoni yetu. Meza na kiti nitatoa mimi.

Katibu wa kikundi cha akina mama wauza nafaka,
Kanda ya Ziwa